Ruhusa Tuliyopewa na Kazi Tusiyoifanya

Katika vyuo vyetu vikuu limeingia neno linalopendwa sana: nyenzo huria za elimu. Neno lenyewe halina ubaya. Lilizaliwa mwaka 2002 katika mkutano wa UNESCO mjini Paris, mwaka mmoja baada ya chuo cha MIT cha Marekani kutangaza kwamba kitayaweka masomo yake kwenye intaneti yasomwe na yeyote bila malipo. Tangu hapo vitabu, mihadhara na mazoezi mengi mno yamewekwa wazi namna hiyo, na wapo miongoni mwetu wasiochoka kutuambia kwamba sasa kijana wa Tandahimba anasoma kile kile anachosoma mwenzake wa Boston. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo, na twaona yafaa ipingwe hadharani.

Wasemao hivyo hawajauelewa hata huo uhuria wenyewe. Kitu hakiwi huria kwa kuwa hakiuzwi tu. Pendekezo la UNESCO lililopitishwa Novemba 2019 lataja wazi kwamba nyenzo hizi ni zile ambazo wengine wameruhusiwa kuzipata bure, kuzitumia tena, kuzigeuza kwa shughuli nyingine, kuzirekebisha na kuzigawa. Katika ruhusa zote hizo sisi tumeishika ile ya kwanza, ya kupokea, na zilizobaki tumeziacha mlangoni.

Tumepata kuliona somo la takwimu katika chuo kimoja ambacho hatutakitaja. Somo lilichukuliwa zima zima kutoka ng'ambo, likabandikwa nembo ya chuo, likaitwa kozi. Wastani ulifafanuliwa humo kwa besiboli: mpigaji kapiga mara ngapi, kafanikiwa mara ngapi. Mwanafunzi asiyewahi kuliona gongo la mchezo huo atafanya nini ila kukariri? Na mwanafunzi huyo huenda ni mtoto wa mkulima wa korosho. Bei za mnadani, zinazopanda na kushuka, anazijua tangu utoto. Leseni ya somo lile ilimruhusu mhadhiri kuiondoa besiboli na kuiweka korosho. (Zipo leseni zinazokataza kubadili, hii haikuwa mojawapo.) Hakuna aliyemzuia. Hakufanya.

Hapo ndipo lilipo tatizo tunalotaka kulisema. Somo ni kazi ya kupanga: nani anayejifunza, anajua nini tayari, aanze wapi, ajaribu nini kwa mikono yake, na tutajuaje kwamba ameelewa. Lundo la kurasa halifanyi kazi hiyo, hata likiwa la bure. Wala tusidanganyike kwamba ufundi huu ni mgeni ambao lazima tuuagize pamoja na kompyuta. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, juma baada ya juma, kwa muda wa majuma 12. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Viongozi wa vikundi walikuwa wamefunzwa kwanza. Kila sehemu iliitegemea nyenziwe, na aliyekosa kujua kusoma hakuachwa nyuma. Waliopanga kazi ile hawakuwa na intaneti. Walikuwa wamefikiri juu ya msikilizaji wao. Yafaa wahadhiri wetu, wenye shahada kubwa kubwa, wajiulize kwa nini kozi zao za leo hazifikii kiwango hicho.

Wapo watakaotujibu kwamba elimu ya juu si uchimbaji wa vyoo, na kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuibeba. Hoja hii ya istilahi tumeisikia mpaka imetuchosha. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na imefundisha isimu na fasihi hadi shahada za juu kwa Kiswahili. Mpango wa TESSA wa mafunzo ya walimu, ulioanza mwaka 2005, umetoa nyenzo zake huria kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na kutafsiri, kwa kuwa idhini ya kutafsiri imekwisha tolewa.

Na tuseme la kwetu pia. Mhadhiri yule yule anayesifu ukarimu wa MIT huyafungia maandishi yake kabatini, au huyapeleka kwenye duka la kutolea nakala, mwanafunzi akayanunue kwa kurasa. Mshahara uliomwezesha kuyaandika ulitoka katika kodi ya wazazi wa mwanafunzi huyo huyo. Lakini lawama si yake peke yake. Vyuo humpandisha cheo hasa kwa makala za majarida. Akitumia mwaka mzima kuliunda upya somo moja likaeleweka, huo huhesabiwa kuwa mwaka aliokaa bure.

Basi kanuni za vyeo zibadilishwe: somo lililopangwa vizuri, likapitiwa na wataalamu na kutolewa kwa leseni huria, lihesabiwe sawa na makala. Na kazi ianze na yale masomo ya mwaka wa kwanza ambayo wanafunzi wengi huyafeli, takwimu likiwa mojawapo.