Dakika Tatu Kabla ya Chai

Sisi washairi wa jukwaani tumegeuzwa kachumbari ya makongamano ya mazingira. Waziri akishahutubia, tunapewa dakika tatu kabla ya chai tulie kwa niaba ya Mama Dunia. Tunalia, tunapigiwa makofi, tunalipwa nauli.

Mama Dunia huyo ananichosha. Hana anwani, hana leseni, hana mshtakiwa. Analilika kirahisi kwa sababu hakuna ukumbini atakayekosa usingizi.

Waandaaji wa kongamano moja waliwahi kutaka niwatumie shairi mapema, wakalirudisha bila ubeti uliotaja makaa ya mawe ya Lamu. Eti liwe na matumaini. Sikwenda.

Lamu kulikuwa na vitu vya kutajwa: mtambo wa megawati 1,050, mikoko, wavuvi, leseni ya NEMA ya 2016. Wakazi walivitaja kimoja kimoja, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ikaifuta leseni ile, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sidai shairi ndilo lililoshinda. Walishinda watu waliosoma nyaraka, kazi inayochosha kuliko vina na mizani. Lakini nyaraka hizo ndizo malighafi yetu, na wengi wetu hatuzifungui.

Na wanaosema kutaja majina kunaua sanaa, wamemsahau Muyaka? Alirushiana maneno na miji ya pwani hii, na bado tunamsoma.

Basi mkitualika tena, tupeni na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Tutaighani ukurasa kwa ukurasa, chai ipoe.