Goma: Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, si mwenye visu kumi

Kuna mtindo mbaya unaoingia katika mji wa Goma, na ni lazima usemwe wazi. Vijana wengi, wamotari, watu wa chukudu na wauzaji wadogo wa Birere, hawana tena kisu. Wana visu. Leo ni kile chenye mpini mwekundu, kesho ni cheusi chenye taa, juma lijalo ni kile kinachokunjwa kikafanana na kadi ya benki. Na hii ni katika mji ambao benki zake zilifunga milango mwisho wa Januari 2025, feza ikawa ngumu, na noti iliyochanika kidogo tu inakataliwa sokoni!

Wanaotetea mtindo huu wana maneno yao. Wanasema kisu ni sawa na shati, mtu hawezi kuvaa moja kila siku. Wanasema visu vingi ni akiba, kimoja kikipotea kingine kipo. Wanasema kila kazi ina kisu chake. Maneno haya yanafaa kujibiwa moja moja, kwa sababu nyuma yake kuna feza ya familia, kuna vidole vya watoto, na kuna usalama wa kijana mwenyewe njiani.

Kwanza, feza. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, kila mmoja aweke bei za soko lake. Kijana ananunua kisu cha 3.000 franka kila mwezi, kwa sababu kile cha mwezi uliopita kimekuwa butu ao mpini umelegea. Kwa miaka miwili ametoa 72.000 franka. Jirani yake amenunua kisu kimoja kizuri kwa 15.000, na kila mwezi anamlipa mnoaji 500. Kwa miaka miwili ametoa 27.000. Tofauti ni 45.000 franka. Kwa familia inayolala chini ya shitingi, ao iliyorudi Sake na kukuta nyumba haina mlango, hiyo ni mifuko mingapi ya makala? Ni unga wa siku ngapi? Na kama jirani huyo ananoa mwenyewe juu ya jiwe laini, hata ile 500 inabaki mfukoni.

Visu vingi vya bei ndogo vinang'aa kwa sababu havishiki kutu haraka. Lakini chuma chake ni laini. Vinakata vizuri siku tatu, kisha vinaanza kuponda nyanya badala ya kuikata. Mafundi wanaofua visu kutoka chuma cha lesori ya gari kuukuu wanajua jambo hilo tangu zamani. Chuma cha lesori ni kigumu, kinashika makali. Ni kweli kinashika kutu pia, kama mwenyewe ni mvivu. Dawa yake ni kitambaa kikavu na tone la mafuta ya kula, basi.

Hata dunia ya viwanda ilishatoa somo hilo. Kisu cha kukunja kinachoitwa Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa kuuzwa katika makoloni ya Afrika, na siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Jina walilitoa kwa mnyama wetu wa misitu ya Ituri, ambaye porini haonekani katika nchi nyingine isipokuwa Kongo. Kisu hicho kimepita miaka 100 na umbo lake halikubadilika sana: mpini wa mbao, ubao wa chuma, na pete ya kukifungia. Wafanyakazi wa mashamba na migodi hawakukipenda kwa sababu ya rangi. Walikipenda kwa sababu kinanoleka tena na tena.

Pili, vidole. Wengi wanaamini kwamba kisu kikali ndicho kinachokata watu. Wamama wanaokata sombe kila siku wanajua kwamba si hivyo. Kisu butu kinaomba nguvu, na mkono ukitia nguvu, kisu kinateleza. Kile kikali kinapita pale mtu anapotaka. Tena mkono unazoea kisu chake: uzito wake, urefu wake, namna kinavyofungwa. Anayebadilisha kila juma anaanza upya kila juma. Hiki kina kifungio upande wa nyuma, kile kina kifungio pembeni, kingine hakina kifungio kabisa, kinajikunja juu ya kidole katikati ya kazi. Na jeraha la kisu chenye kutu na uchafu si la kufunga kwa kitambaa na kusahau. Pepopunda inaua. Mtu aende kituo cha afya, aoshwe kidonda, aulize kuhusu chanjo.

Tatu, njia. Hili ni gumu kusema, lakini wazazi wanalijua. Tangu mapigano ya Januari 2025, na hata kabla yake, kusachiwa njiani ni jambo la kawaida, na usiku katika kartie nyingi watu wanaogopana. Kijana mwenye kisu kimoja kilichochakaa, chenye alama za kamba na harufu ya vitunguu, anaweza kueleza kazi yake kwa maneno mawili. Kijana mwenye visu vitatu vipya mfukoni ataeleza nini? Atasema anavipenda? Anayemsachi hataki kusikia habari za mapenzi ya visu. Na ikumbukwe kwamba kuna saa ambazo hata hicho kimoja hakifai kutoka nyumbani. Kisu cha kazi kinaenda kazini na kinarudi na mwenyewe jua likiwa bado juu. Hakiendi kwenye pombe, hakiendi kwenye mpira. Hapo ndipo mtindo huu unaonyesha ubaya wake: kisu kinachobadilishwa kwa ajili ya kuonekana, mwisho wake ni kuonyeshwa. Na kisu kilichoonyeshwa wakati wa ugomvi hakirudi mfukoni kikiwa kisafi.

Sasa neno la akiba. Wanasema mtu akikimbia vita, afazali awe na visu vingi. Lakini wakaaji wa Goma wamekimbia mara nyingi kiasi cha kujua. Mwaka 2002 na mwaka 2021 walikimbia Nyiragongo. Mwaka 2022 watu wa Kibumba na Rutshuru walishuka mpaka Kanyaruchinya. Mwanzoni mwa 2024 wa Sake walijaa Bulengo na Lushagala, na mwanzoni mwa 2025 makambi yenyewe yakavunjwa, watu wakabeba tena. Siku kama hizo hakuna anayefungua sanduku kuchagua kisu. Kinachotoka na familia ni kile ambacho kila mtoto anajua mahali kilipo: ndani ya sufuria, pamoja na kijiko na kiberiti. Vile vitano vingine vinabaki kwa wezi.

Tena kuna ushahidi unaotoka hapahapa. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa wingi, kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya watu kwa muda mfupi. Mashirika ya msaada yalilaumiwa kwa kazi iliyofanywa bila mpango, na kutokana na lawama hizo ndipo mwaka 1997 ulianzishwa mradi wa Sphere, ulioandika kiwango cha chini cha msaada duniani. Kitabu hicho kinasema nini juu ya vyombo vya jikoni? Kwa familia ya watu wanne ao watano: sufuria mbili, beseni moja, vijiko viwili vya kupakulia, na kisu kimoja. Hakuna aliyekaa kuhesabu mahitaji ya familia iliyopoteza vyote akaandika visu vitano.

Lakini hapo hapo mashirika nayo yasikilize. Kikiwa ni kimoja, basi kiwe kisu kweli. Kutia katika mzigo wa msaada kisu kinachopinda juu ya muhogo ni kumlazimisha mama aende kununua kingine kwa feza ya unga. Afazali apewe kuponi achague mwenyewe sokoni, akigusa makali kwa kidole chake. Na fundi mmoja mwenye jiwe la kuzungusha, akilipwa siku moja kwa mwezi katika kila mahali wahami wa vita wamekusanyika, atasaidia familia nyingi kuliko katoni ya visu vipya.

Linabaki neno la kila kazi na kisu chake. Hapa wapinzani wana ukweli kidogo, na haki wapewe. Kisu kilichokata nyama mbichi ao sambaza kisiguse nyanya za kachumbari kabla ya kuoshwa kwa maji safi na sabuni. Mwenye uwezo wa kutenga kisu cha nyama, atenge. Kisu cha jikoni na kisu cha mfukoni pia si kimoja, na mtu wa chukudu asikate sombe ya watoto na kile alichokatia mpira wa gurudumu. Na wembe uko nje kabisa ya mabishano haya: wembe wa kunyolea ni wa mtu mmoja, na ule wa kukatia kitovu cha mtoto uwe mpya, utumike mara moja, utupwe mahali salama. Asiyebadilisha wembe anacheza na ukimwi na homa ya ini. Lakini kubadilisha kwa ajili ya usafi ni jambo moja, na kubadilisha kwa ajili ya kuchoka na rangi ni jambo lingine. Anayechanganya mambo haya mawili anatafuta udhuru tu.

Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema mwenye visu vingi. Na makali hayanunuliwi mara moja yakabaki. Yanatafutwa kila Jumamosi, jioni, dakika kumi juu ya jiwe lenye maji, ubao ukilazwa kidogo, upande huu kisha upande ule, mpaka ukate karatasi bila kuivuta. Baba anayemfundisha mtoto wake kazi hiyo amempa kitu ambacho vita haviwezi kupora. Anayemnunulia kisu kipya kila juma amemfundisha kutupa.

Kwa hiyo, vijana wa Ndosho, Majengo, Katoyi na Mugunga, toeni visu vyenu vyote leo jioni, muviweke chini mbele yenu. Chagueni kimoja. Vingine wapeni wamama wa jirani ambao wanaazima kisu kila siku saa ya kupika. Wako wengi, na wanajulikana.