Uzito wa Kodiani si Heshima ya Mpigaji

Imejengeka imani, Visiwani na Bara, kwamba kodiani ya kweli ni ile inayomwinamisha mpigaji. Ikiwa na vibao 41 vya mkono wa kulia, vifungo 120 vya mkono wa kushoto, na uzito wa kilo 10 hadi 12, basi hiyo ndiyo ala ya bingwa. Iliyo ndogo kuliko hiyo huitwa ala ya mwanagenzi, isiyofaa kupandishwa jukwaani mbele ya watu wazima. Imani hii imerithiwa bila ya kuhojiwa, na madhara yake hayaishii mabegani. Inaharibu uimbaji, inawafukuza watu katika muziki, na inapofikishwa miji iliyo mbali na pwani, kama Vwawa, inageuka kuwa ushauri wa hasara.

Na itazamwe kwanza kazi yenyewe. Katika taarab ya asili ya Unguja, iliyolelewa na vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, kodiani imekaa safu moja na fidla, ganuni, udi na nai. Kazi yake ni kuufuata wimbo na kuujibu, na kujaza pengo baina ya ubeti na ubeti. Sauti za chini ni mali ya besi. Mdundo ni mali ya dumbak. Muziki wenyewe umesimama juu ya mkondo mmoja wa sauti ambao ala zote huupita pamoja, kila moja kwa madoido yake. Vile vifungo 120 vilibuniwa kwa muziki mwingine, ule wa dansi za Ulaya, ambamo mtu mmoja hulazimika kuwa bendi nzima: mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unagonga besi na kuandamanisha sauti tatu tatu. Katika taarab sehemu kubwa ya vifungo hivyo hulala. Mpigaji hubeba bendi ya Ulaya kifuani mwake, kisha akaiamuru inyamaze.

Gharama ya kunyamaza huko inahesabika. Kodiani ya vibao hutoa sauti kwa ndimi nyembamba za chuma, na kila ulimi una mwenzake: mmoja hulia mvukuto unapofunguliwa, mwingine unapofungwa. Kodiani kubwa yenye vibao 41 na safu nne za ndimi ina ndimi 328 kwa mkono wa kulia peke yake. Yenye vibao 34 na safu mbili ina ndimi 136. Kila ulimi hushikiliwa kwa nta, na nyingi zimefungiwa kijingozi cha kuzuia hewa isipotee. Pwani, hewa ya chumvi huzitia kutu. Katika nyanda za juu, miezi ya baridi na ukavu hukausha vijingozi vikakunjamana. Anayenunua ndimi 328 amenunua maradhi 328 yanayongoja zamu.

Hapa ndipo mfano wa Vwawa unapopata nguvu. Mji huu wa Mbozi, uliofanywa makao makuu ya Mkoa wa Songwe mkoa ulipoundwa mwaka 2016, umekaa katika nchi ya kahawa, kwenye barabara kuu itokayo Mbeya kwenda mpakani Tunduma. Si mji mgeni kwa muziki wa ala na sauti: Wamoravia walifungua kituo chao Mbozi mwaka 1899, na kwaya ni sehemu ya maisha ya huko hadi leo. Mpigaji wa Vwawa, awe wa kwaya, wa harusi au wa taarab, ataipanda basi na ala yake, ataibeba juu ya pikipiki, ataipandisha kilima kwa mguu. Ikiharibika, fundi anayejua kuyeyusha nta na kuusawazisha ulimi hayuko mtaa wa pili. Na kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kumwambia mtu huyu kwamba hatakuwa msanii mpaka anunue ala ya kilo 12 ni kumpa ushauri usiomgharimu mtoaji. Wahenga walikwishalisema hilo: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Lakini hoja iliyo kubwa kuliko zote ni ya neno. Taarab ni ushairi kabla ya kuwa muziki, na kwaya nayo haina maana maneno yake yasiposikika. Mshororo wa shairi la mizani 16 hugawika mizani 8 kwa mizani 8, na kina cha kati ndicho kituo cha pumzi. Mpigaji mwenye sikio huugeuza mvukuto papo hapo kwenye kituo, ili mageuzi yake yaangukie mahali ambapo mwimbaji naye anavuta hewa. Mvukuto mzito hugeuka kwa kuchelewa, hasa saa ya pili ya shughuli, mkono wa kushoto unapokuwa umechoka. Mageuzi yakaangukia katikati ya neno, na neno likakatika. Ikiwa mpigaji ndiye mwimbaji, balaa huzidi, kwa kuwa mikanda imemkamata mabega na sanduku limemkalia kifua. Pumzi fupi haiwezi kubeba mshororo mrefu.

Watetezi wa ala kubwa watajibu kwamba kodiani ndogo ina mvukuto mdogo, hivyo hewa yake huisha mapema. Jibu hilo lina ukweli nusu. Mvukuto wake ni mdogo, naam, lakini safu mbili za ndimi hunywa hewa kidogo kuliko safu nne. Watasema tena kwamba sauti yake haijazi ukumbi. Ukumbi wa leo una kipaza sauti, na pasipo umeme hadhira huwa karibu. Zaidi ya hayo, mwomboko wa Wagikuyu nchini Kenya ulichezesha viwanja kwa kodiani na pete ya chuma ya kugongwa, pasi na okestra yoyote nyuma yake. Kinachofika masikioni ni usafi wa sauti, wala si wingi wa ndimi zinazolia kwa pamoja.

Wako pia wanaokwepa mzozo kwa kusema: basi na ichukuliwe kinanda cha umeme, nacho kina sauti ya kodiani ndani yake. Ndivyo vikundi vingi vya taarab ya kisasa vilivyofanya tangu miaka ya 1990, na matokeo yanasikika. Kitufe cha umeme hakijui kuanza kwa unong'ono, kufura, kisha kufifia katika sauti ile ile moja. Kodiani inajua, kwa sababu ina pumzi. Aidha, kinanda kinadai umeme au jenereta, na jenereta ina uzito uliozidi wa kodiani yoyote.

Wepesi, hata hivyo, usichanganywe na unyonge. Kuna vikodiani vya madukani ambavyo ni vyepesi kwa sababu vimeundwa vibaya; hivyo ni vya kuchezea. Wepesi unaotakiwa ni ule wa kupunguza kisichotumika: vibao 34, vifungo 60 au 72, safu mbili za ndimi au tatu, uzito wa kilo 6 hadi 8. Mojawapo ya safu iwe ya sauti ya chini, ipate kuandamana na sauti ya mwanamume. Mtetemo baina ya ndimi usiwe mpana, maana mtetemo mpana hugombana na fidla. Mnunuzi aifungue mikanda ya mvukuto, aishike ala upande mmoja bila ya kugusa kibao; mvukuto ukiporomoka haraka, hewa inavuja. Kisha apige kila kibao, kwa kufungua na kwa kufunga. Na anayetaka makamu zenye robo sauti, kama rasti na bayati, akumbuke kwamba Wamisri walizipata katika kodiani kwa kuzirekebisha ndimi zenyewe. Ndimi chache ni kazi chache kwa fundi.

Mwisho, swali hili ni la nani apewe nafasi. Kikundi cha Tausi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2009, kimekwishaonyesha kwamba wanawake wanaweza kushika ala zote za taarab, sio kuimba tu. Ala ya kilo 12 huwekwa mlangoni kama bawabu: humrudisha msichana mwembamba, humstaafisha mzee ambaye vidole vyake vingali hai, humkatisha tamaa kijana wa Vwawa kabla hajajifunza wimbo mmoja. Vikundi vinavyolalamika kwamba wapigaji wa kodiani wanatoweka vingeanza kwa kuhoji ni ala gani vinayowapa wanafunzi wao. Waipe ile wanayoweza kusimama nayo saa mbili wakiwa bado wanaimba.