Mwalimu wa Uongo na Milango Anayoifunga

Katika Kitengela hakuna mtu mwenye akili timamu anayenunua kiwanja kwa kusikia maneno matamu ya dalali. Hata kiwanja kikiwa kidogo, futi 50 kwa 100, mnunuzi hutaka kuona hati. Na baada ya kuiona hati huenda kupekua daftari la ardhi ajue jina la mwenye mali, na kama mali hiyo imewekwa rehani au ina mgogoro. Kisha humwita mpima ardhi amwonyeshe mawe ya mpaka. Dalali mwaminifu haudhiki kwa upekuzi huo. Yule anayeudhika, akauliza kwa nini haaminiwi, ndiye wa kukimbiwa. Watu wamejifunza hekima hii kwa hasara, maana hati za uongo zimewaliza wengi.

Jambo la kushangaza ni hili: mtu yule yule aliyetumia mwezi mzima kuhakiki kiwanja, siku ya Jumapili humpa mhubiri asiyemjua mshahara wake, ugonjwa wake, ndoa yake na watoto wake, bila ya kuuliza swali hata moja. Ardhi aliipekua, aliyemkabidhi roho yake hakumpekua. Tena akitokea mwenzake akauliza, huambiwa kwamba hana imani. Insha hii yaipinga desturi hiyo. Yashikilia kwamba swali la haki si adui wa imani, na kwamba mwalimu wa uongo katika kanisa aweza kutambulikana mapema, kabla hajaleta maafa, kwa alama moja: yeye hufunga milango.

Yapasa kwanza tuseme la haki. Ukifuata barabara ya Namanga kutoka Athi River, ukapita Kitengela na Isinya hata mji wa Kajiado, utayaona makanisa mengi, mengine ya mawe, mengine ya mabati, mengine ya turubai. Ni dhuluma kudhani kwamba kanisa la turubai ni la uongo na la mawe ni la kweli. Ukweli haukai ukutani. Wako wahubiri wengi katika nchi hii ya Wamaasai waliotembea juani, wakazika maiti za maskini, wakasuluhisha ndugu waliogombana. Shule ya msingi ya wasichana ya A.I.C. katika mji wa Kajiado, iliyoanzishwa mwaka 1959, imekuwa kimbilio la mabinti waliotaka kusoma badala ya kuozwa wangali watoto. Hiyo ndiyo kazi ya mafundisho ya kweli: hufungua mlango uliokuwa umefungwa. Mwalimu wa uongo hufanya kinyume chake.

Ushahidi wa jambo hili tunao katika nchi yetu wenyewe, huko pwani. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kabla ya mwaka ule kwisha maiti zaidi ya 400 zilikuwa zimetolewa ardhini, na wengi wao walikuwa watoto. Madaktari walipozichunguza waliona kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi yao walikuwa na dalili za kunyongwa. Walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, nao, kama ilivyoelezwa, waliaminishwa kwamba wakifunga chakula hata kufa watakutana na Bwana wao. Mapema mwaka 2024 Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa mauaji ya watoto 191, nao wakayakana mashtaka mbele ya mahakama. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Kujifunza ni kazi yetu.

Nalo la kujifunza ni kwamba msiba ule haukuanza kwa njaa. Kama ungeanza kwa njaa nani angaliufuata? Miaka mingi kabla ya makaburi yale, mhubiri huyo alisikika hadharani akiikashifu elimu ya shule na tiba ya hospitali. Mlango wa shule ulitangulia kufungwa, kisha wa hospitali. Baadaye watu waliacha kazi zao, wakauza mali zao, wakaachana na jamaa zao, wakahamia porini ambako jirani hawezi kupita akabisha hodi. Mlango wa chakula ulikuwa wa mwisho. Lau mtu mmoja katika kila nyumba angalishtuka mlango wa kwanza ulipofungwa, wengi wangalikuwa hai.

Wala Kenya si ya kwanza. Katika Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda, palikuwa na kundi la Kikristo lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Wafuasi waliuza mali zao wakakabidhi kundi. Walizuiliwa kusema, wakazungumza kwa ishara za mikono, kwa hofu ya kuvunja amri kwa ulimi. Waliambiwa kwamba dunia itakwisha mwaka 1999 ukiisha. Mwaka ukaisha, jua likachomoza kama kawaida, na baadhi yao wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi mwaka 2000 mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada, ambalo madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa mbao. Mlango uliofungwa kwa maneno miaka mingi, siku hiyo ulifungwa kwa misumari.

Sasa tuitazame milango miwili ambayo mwalimu wa uongo hupenda kuifunga hata mahali pasipo na msitu, katikati ya mji wenye taa na simu.

Mlango wa kwanza ni wa swali. Mwalimu huyu akiulizwa, hujificha nyuma ya neno moja la Maandiko: kwamba watiwa mafuta wa Bwana wasiguswe. Neno hili limeziba vinywa vya wazee wenye busara. Lakini tulitazame asili yake. Daudi alipompata Sauli pangoni alikataa kumwua, kwa kuwa Sauli alikuwa mtiwa mafuta. Alikataa kumwaga damu, hakukataa kusema. Alitoka pangoni, akapaza sauti, akamshitaki Sauli usoni kwa udhalimu wake. Tena Daudi mwenyewe, alipokuwa mfalme na mtiwa mafuta, alitwaa mke wa mtu na kumwua mumewe. Nabii Nathani akamwendea akamkemea, na Daudi akakubali kosa. Paulo naye alimpinga Petro mbele ya watu huko Antiokia. Na watu wa Beroya, waliposikia mahubiri ya Paulo, waliyapekua Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Nao hawakulaumiwa, walisifiwa. Ikiwa Daudi, Petro na Paulo walivumilia kuulizwa, ni nani huyu wa jana asiyeulizika?

Mlango wa pili ni wa hesabu. Hapana ubaya katika sadaka. Kanisa lina paa la kutengenezwa, na mchungaji ana watoto wa kulishwa. Ubaya ni fedha zisizosomewa hesabu, na baraka inayotajiwa bei. Elisha alipomponya Naamani ukoma alikataa zawadi zake. Mtumishi wake Gehazi alimkimbilia Naamani kwa siri, akapokea fedha na mavazi, akarudi na ukoma ule ule. Wakristo wa zamani sana waliandika kitabu kidogo kiitwacho Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ambacho nakala yake ilionekana tena mjini Konstantinopoli mwaka 1873. Humo walijiwekea kanuni nyepesi: mtume apitaye apokewe vizuri, alale siku moja au mbili; akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa njiani. Akidai fedha ni nabii wa uongo. Watu hawa waliishi karibu na nyakati za mitume, wala hawakuona haya kuweka kipimo. Sisi tulio mbali twaona haya!

Watu wengine watajibu, “Lakini tumeiona miujiza kwa macho yetu.” Mwezi wa Novemba mwaka 2014 televisheni ya KTN ilieleza jinsi mhubiri wa Nairobi, Victor Kanyari, alivyotumia pamanganeti ya potasiamu kuwaosha watu miguu. Ninyi mnaosoma kemia mwaijua dawa hii: chembe chache zake hugeuza maji yakawa mekundu ya zambarau. Waumini waliyaona maji mekundu wakaamini kwamba uchawi na damu chafu vinawatoka mwilini. Kisha walitakiwa kupanda mbegu ya shilingi 310, hesabu iliyochukuliwa kutoka kitabu cha Malaki, mlango wa 3, mstari wa 10. Tazameni: somo moja la maabara lingalitosha kuokoa shilingi za maskini. Ndiyo sababu mwalimu wa uongo haipendi shule.

Wengine watasema kwamba wanaodanganywa ni wajinga tu, na mtu aliyesoma hana haja ya kujilinda. Kiburi hiki ni hatari kuliko ujinga. Shakahola walikufa pamoja na watu waliosoma na waliokuwa na kazi nzuri. Mtu hanaswi kwa kuwa hana akili. Hunaswa kwa kuwa ana shida na yu peke yake. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,117,840. Wengi wa walioongezeka ni wageni waliokuja Kitengela, Ongata Rongai na Ngong kutafuta riziki. Mgeni katika chumba cha kupanga hana shangazi wa kumwonya wala mzee wa ukoo wa kumshauri. Kazi ikikatika, au mtoto akiugua, wa kwanza kubisha mlangoni pake aweza kuwa mwongo. Na mfugaji aliyeona ng’ombe wake wakifa mmoja mmoja katika ukame wa mwaka 2021 na 2022 yu tayari kumsikiliza yeyote aahidiye mvua.

Wako pia wanaoitegemea serikali peke yake. Baada ya Shakahola serikali iliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, nalo likatoa taarifa yake mwaka 2024 juu ya namna ya kusimamia makundi ya dini. Kazi hiyo ni njema. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, humpa kila mtu uhuru wa kuabudu, na ni vizuri iwe hivyo, maana serikali inayoweza kumfunga kinywa mwongo leo yaweza kumfunga kinywa mkweli kesho. Cheti cha serikali huonyesha jina la chama na majina ya wakuu wake. Hakionyeshi ukweli wa mafundisho yake. Askari hulinda mwili usiumizwe. Mlinzi wa akili yako ni wewe.

Basi, enyi vijana, chukueni maswali manne mwingiapo mahali po pote pa ibada. Je, mwalimu huyu aweza kuulizwa, na akikosa akubali kosa? Je, fedha anazopokea husomewa hesabu mbele ya waliozitoa? Je, mafundisho yake yamwacha mgonjwa aende kwa daktari na mtoto aende shule? Je, yanikaribisha kwa wazazi wangu, ndugu zangu na jirani zangu, au yanitenga nao? Anayejibu maswali haya kwa upole ni wa kusikilizwa, ajapokuwa hajui kunena vizuri. Anayeyajibu kwa laana ajapofufua maji yakawa damu, msimfuate. Na mkiona mwenzenu anaacha masomo, anakataa dawa au anawakimbia jamaa zake kwa amri ya mhubiri, msinyamaze kwa adabu. Mwambieni mzazi, mwambieni mwalimu, mwambieni chifu. Kunyamaza huko si heshima kwa Mungu.

Neno la mwisho ni zito kuliko maswali yote. Mwongo huingia katika nyumba ambayo wengine hawaingii. Kama yule mama mgeni katika chumba cha kupanga angaliulizwa hali na jirani, na mtoto wake akapelekewa uji na wanafunzi wenzake, mwongo angalikuta nafasi imejaa. Yatupasa tuwapime walimu wetu, lakini tena yatupasa tutembeleane. Nyumba ambayo marafiki huingia na kutoka ni vigumu kufungwa na mtu mmoja.