Aliyegongwa na Aseme

Yako maneno yasemwayo katika mabweni ya wavulana, na watu wazima huyasifu kana kwamba ni hekima: kwamba mchezaji hodari ni yule aumiaye asiseme. Sisi twayapinga maneno hayo. Twayapinga hasa kwa ajili ya mchezo wa raga, ambao umeenea katika shule nyingi za bweni za Kenya na Uganda, na ambao wazazi wengi wasomao gazeti hili huusikia kwa jina tu, hawajapata kuuona ukichezwa. Wala hatuuchukii mchezo wenyewe. Twaupenda, na ndiyo sababu hatuwezi kunyamaza.

Tulikaa mwaka mmoja wa masomo, tangu Septemba 2022 hata Julai 2023, tukiwa walimu wageni katika shule moja ya bweni huko Uingereza. Jina lake hatulitaji. Timu zake zilikuwa nyingi, lakini mbili ndizo tulizozifuata msimu mzima, ya raga na ya upanga. Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba watoto hufundishwa upanga shuleni. Upanga huo si wa vita. Ni chuma chembamba kisicho na makali, na ncha yake ni butu. Mchezaji huvaa kinyago cha waya usoni na koti la kitambaa kigumu, na kazi yake ni kumgusa mwenziwe kabla hajaguswa yeye. Aina zake ni tatu. Katika moja huguswa kiwiliwili tu; katika nyingine mwili wote, tangu utosi hata unyayo; na katika ya tatu huguswa tangu kiunoni kwenda juu, kwa ncha au kwa ubapa na ukingo wa chuma. Timu zikikutana hucheza watu watatu kwa watatu, kila mmoja akikabiliana na kila mmoja wa upande wa pili, na itakayotangulia kufika miguso 45 imeshinda.

Raga ni watu 15 kila upande, na mpira wenye umbo la yai. Mpira huchukuliwa mikononi, wala hautupwi mbele. Aliye nao yu halali kukamatwa na kuangushwa chini. Atakayeufikisha nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha ardhini amepata trai, yaani alama 5.

Basi, tangu Septemba hata Desemba, Jumamosi ilikuwa siku ya raga. Shule nzima ilitoka kusimama kandokando ya kiwanja, wazazi na miavuli yao, wadogo wakiimba hata sauti zikawakauka, na Jumatatu asubuhi habari za mchezo zilisomwa mbele ya wote, trai kwa trai. Hata mvua ya Novemba, ambayo kwa baridi yake sisi tuliiona kama adhabu, haikuwarudisha ndani. Januari walianza raga ya watu saba saba, wakijiandaa kwa mashindano makubwa ya shule yafanywayo kila Machi na klabu ya Rosslyn Park, yaliyoanza mwaka 1939. Nayo timu ya upanga iliondoka katika gari dogo, watoto wanane na mwalimu wao mwanamke aliyeendesha mwenyewe, ikarudi usiku watu wamelala. Siku moja walikuwa wameishinda shule kubwa kuliko yao mara mbili, na Jumatatu ikasemwa tu kwamba timu ya upanga nayo ilicheza.

Lakini hatukushika kalamu ili kulilia makofi. Tulijifunza jambo jingine katika ukumbi wa upanga, nalo ni hili. Zamani, kabla ya vyombo vya umeme, aliyeguswa alipaswa kusimama na kusema mwenyewe kwamba ameguswa. Aliyeficha mguso alihesabiwa kuwa mwizi, tena na wenziwe kabla ya mwamuzi. Baadaye umeme ulichukua kazi hiyo: katika michezo ya Olimpiki ulianza kutumika kwa aina moja ya upanga mwaka 1936, kwa ya pili mwaka 1956, na kwa ya tatu mwaka 1992. Siku hizi ncha ikigusa, taa huwaka. Hata hivyo pale shuleni nyaya hazikuwatosha watoto wote, na katika mazoezi wengi walicheza bila umeme. Hapo desturi ya kale ilikuwa hai. Tulimwona mtoto wa miaka 13, yu karibu kushinda, akisimama ghafula na kuinua mkono kusema, Nimeguswa. Mwamuzi hakuona, wala mpinzani hakuwa na hakika. Mtoto alisema, wakaendelea. Jambo hilo tuliliona mara nyingi sana msimu ule, wala hatukumsikia hata mmoja akimcheka aliyesema.

Sasa twende kiwanjani. Jumamosi moja ya Oktoba kijana wa miaka 16 aliinama kumkamata mpinzani aliyekuja mbio, na goti la mpinzani likampata kwenye kipaji. Alilala kidogo. Akainuka, akaenda hatua mbili upande usio wake, kisha akarudi. Alipoulizwa kama yu mzima alijibu kwamba yu mzima, wakamwacha acheze mpaka mwisho. Wenziwe walimpiga mgongoni kwa furaha. Jumatatu alisifiwa mbele ya shule kuwa kielelezo. Nao wenziwe wa chumba kimoja walijua ya kuwa usiku ule alitapika, na ya kuwa aliuliza mara mbili ni siku gani. Wakamfichia siku nne kwa mapenzi, mpaka muuguzi wa shule alipomwona akikinga macho kwa mkono kwa sababu ya mwanga wa dirisha. Hakucheza tena msimu ule, na mitihani ya muhula ilimpita.

Twauliza, ni nani aliyemfundisha kijana huyu kusema yu mzima? Si mwongo yule. Tulimfundisha darasani, twamjua. Angekuwa katika ukumbi wa upanga angeinua mkono. Alifundishwa na makofi. Shule ile ile, chini ya paa lile lile, ililea desturi mbili: hapa aliyeguswa husema akaheshimiwa, pale aliyegongwa huficha akasifiwa. Nayo ile ya pili ndiyo iliyokuwa na watu wa kuishangilia.

Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi hatulisemi hili kwa kutisha watu bure. Ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya ganda. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, hutikisika, na mtu aweza kutikisika ubongo bila kuzimia wala kutoka damu. Akigongwa mara ya pili kabla hajapona, hasa akiwa kijana, ubongo waweza kuvimba kwa upesi hata madaktari wasiweze kumwokoa. Mwaka 2011 huko Ireland ya Kaskazini mvulana wa miaka 14 alikufa hivyo, baada ya kugongwa zaidi ya mara moja katika mchezo mmoja wa raga wa shule. Na uchunguzi wa sheria mwaka 2013 ulithibitisha sababu yake. Aprili 2023 serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo kwa michezo yote isiyo ya kulipwa: mwenye kushukiwa kutikisika ubongo atolewe mara moja, na asirudi katika mashindano kabla ya siku 21, na awe amekwisha kukaa siku 14 bila dalili yoyote. Msimu uliofuata, chama cha raga cha Uingereza kilishusha mpaka wa kumkamata mtu katika michezo ya shule na ya vilabu vidogo, ikawa ni chini ya kidari. Ni sheria njema. Lakini mwamuzi hawezi kuona kichefuchefu kilicho tumboni mwa mtoto. Sheria yote yategemea mtoto aseme.

Wako watakaojibu kwamba tukiwafundisha watoto kulalamika, ushujaa utakufa na raga itakuwa mchezo wa kuviringisha yai. Hoja hiyo ni kuukuu. Mwaka 1863, vilabu vilipokutana London kutunga sheria za mpira, palikuwa na desturi ya kumpiga mwenzio teke la makusudi kwenye muundi wa mguu. Mjumbe wa klabu ya Blackheath aliitetea sana, akisema kuiondoa ni kuondoa ujasiri, na klabu yake ikajitoa katika chama. Chama cha raga kilipoundwa mwaka 1871, Blackheath wakiwa miongoni mwa waanzilishi, desturi hiyo hiyo ilipigwa marufuku. Je, ujasiri ulikwisha? Waulize waliowaona vijana wa Kenya wakiwashinda Fiji alama 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore, Aprili 2016.

Wengine watasema upanga nao huua. Ni kweli, uliua. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia huko Roma, chuma cha mpinzani kilimvunjikia Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki wa 1980, kikapenya kinyago chake, naye akafa baada ya siku chache. Wenye mchezo huo walifanya nini? Hawakusema kwamba hivyo ndivyo wanaume wanavyokomaa. Walibadili chuma, wakabadili kinyago, wakabadili kitambaa cha koti. Twalitaka neno hilo hilo kwa raga.

Tena watasema upanga ni mchezo wa matajiri. Hapo wana haki nusu. Vyombo vyake ni ghali, wala hatuzishauri shule zetu za vijijini kuuza ng'ombe ili zinunue vinyago. Twafurahi tu kwamba mwaka 2024 huko Paris Alexandra Ndolo aliishika bendera ya Kenya katika mchezo huo, wa kwanza wetu kufika nao Olimpiki. Lakini kuinua mkono na kusema nimegongwa hakuuzwi dukani.

Kwa hiyo siku ya wazazi kutembelea shule itakapofika, mzazi asiulize tu mwanawe amefunga trai ngapi. Na aende kwa mwalimu wa michezo amwombe daftari la waliogongwa kichwa muhula huu: jina, siku ya kugongwa, siku ya kurudi mchezoni, na sahihi ya muuguzi au daktari aliyeruhusu. Akiambiwa kwamba hakuna hata jina moja, muhula mzima, katika shule yenye timu tatu za raga, basi asifurahi upesi. Na aulize maswali zaidi. Na walimu wakuu wasomao haya, sisi twawataka jambo moja Jumatatu ijayo: kabla ya kumtaja mfungaji, mtajeni mbele ya shule nzima yule aliyetoka kiwanjani kwa sababu alisema.