Geuza Picha Kabla Hujaitupa

Eti siku hizi ushauri ni huu: picha za zamani zipige skani, karatasi tupa. Mimi ni mpiga picha, na nasema huo ni uvivu tu.

Jamani, picha ina mgongo pia. Huko ndiko kuna muhuri wa studio, tarehe, na neno "Ukumbusho" kwa mwandiko wa mtu ambaye pengine hayupo tena. Watu huskani uso, mgongo ukaenda jalalani.

Tazameni Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ilipiga picha enzi za Sultani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendelea kupiga. Wageni hununua nakala zake wakapamba kuta zao. Sisi, wenye hao mabibi na mababu, tunachoma za kwetu tukihama nyumba!

Na msiniambie simu inatosha. Picha ya nyeusi na nyeupe imeshikwa na madini ya fedha. Ikisafishwa vizuri na kutunzwa pakavu, inawazidi umri waliopigwa. Simu yako ikitumbukia kwenye ndoo, je?

Hoja yangu si kwamba kila karatasi ni hazina. Nyingine tupeni. Lakini kwanza kaa na shangazi yako, shika penseli, andika majina nyuma: nani, wapi, harusi ya nani. Shangazi akishaondoka, hata picha safi kuliko zote itabaki sura tu, na hapo kweli mtakuwa na sababu ya kuitupa.