Lango la Tiketi Lisiwe Mtego wa Abiria

Kazi ya lango la tiketi katika stesheni ya treni ni kuhakikisha kuwa kila anayesafiri amelipa nauli. Hiyo ni kazi halali. Lakini lango hilo hilo limesimama katikati ya njia wanayopita maelfu ya watu kila siku, na siku ya hatari ndiyo njia watakayoikimbilia. Kwa hiyo lango haliwezi kuhesabiwa kuwa chombo cha idara ya mapato peke yake. Ni sehemu ya usalama wa abiria, na kila anayelisimamia amekabidhiwa maisha ya watu.

Jambo hili lafaa litazamwe mapema, maana miji ya Afrika inazidi kutegemea treni. Cairo ilifungua reli yake ya chini ya ardhi mwaka 1987. Dakar ilipata treni yake ya mjini mwaka 2021, na Lagos ikafuata mwaka 2023. Dar es Salaam ilianza kuona treni za abiria wa mjini mwaka 2012, na mwaka 2024 treni za umeme zikaanza safari za kwenda Morogoro na Dodoma. Haya ni maendeleo ya kujivunia. Lakini stesheni inayopokea umati mkubwa haina budi kujiandaa pia kuutoa umati huo salama.

Mfano wa kwanza uko hapa hapa Afrika. Tarehe 31 Julai, mwaka 2000, katika stesheni ya Tembisa karibu na Johannesburg, watu wapatao 20 walikufa kwa kukanyagana. Hapakuwa na moto, wala treni haikuacha reli. Walinzi waliokuwa kwenye ukaguzi wa tiketi walitumia virungu vya umeme kuwazuia watu wasipite bila kulipa. Waliokuwa mbele walirudi nyuma kwa hofu, waliokuwa nyuma walikuwa wakisukuma mbele, na waliokuwa katikati hawakuwa na pa kwenda. Waliokufa walikuwa watu wa kawaida waliotaka kupanda treni. Nauli iliyokuwa ikitafutwa siku ile haiwezi kulinganishwa na uhai wa hata mmoja wao.

Mfano wa pili unatoka Uingereza. Jioni ya tarehe 18 Novemba, mwaka 1987, moto ulianza chini ya ngazi za umeme zilizotengenezwa kwa mbao katika stesheni ya King's Cross mjini London. Kijiti cha kiberiti kilikuwa kimeangukia kwenye grisi na takataka zilizolundikana chini ya ngazi hizo. Habari za moto zilitolewa mnamo saa moja na nusu usiku. Baada ya dakika zipatazo 15 tu, ndimi za moto zilipanda ghafla na kuujaza ukumbi wa tiketi, na watu 31 wakapoteza maisha. Baadhi ya abiria walikuwa wameelekezwa kupanda juu kwenye ukumbi huo huo, kwa kuwa waliowaelekeza hawakujua ukubwa wa hatari. Wengine walioshika njia nyingine walikuta lango la chuma limefungwa kwa kufuli. Uchunguzi ulioongozwa na Desmond Fennell ulitoa mapendekezo 157, na moja ya kasoro zilizobainika ni kwamba wafanyakazi wa stesheni hawakuwa wamefundishwa namna ya kukabili moto.

Misiba hii miwili inatofautiana kwa chanzo, lakini somo lake ni moja. Umati ukizuiwa mahali pembamba, au ukikuta njia imefungwa, dakika chache zinatosha kuleta maafa.

Wapo wanaodhani kuwa mashine ikiharibika hasara pekee ni foleni. Hesabu ndogo inaonyesha vinginevyo. Wapangaji wa usafiri wa London hukadiria kuwa lango moja la tiketi hupitisha watu wapatao 25 kwa dakika. Treni ikishusha abiria 1,000 mbele ya malango manne, abiria wa mwisho atatoka baada ya dakika 10. Malango mawili yakiharibika, atatoka baada ya dakika 20. Kanuni zinazotumika Marekani kwa stesheni za namna hii zinataka watu wawe wameondoka jukwaani katika dakika 4, na wawe wamefika mahali salama katika dakika 6. Ni wazi basi kwamba abiria hawawezi kuokolewa kwa kupita mmoja mmoja huku kila mtu akionyesha tiketi. Wakati wa hatari malango yote hayana budi kuwa wazi kwa pamoja.

Aidha, lango bovu halina haki ya kubaki limefungwa. Mashine isiyosoma tiketi ya mtu aliyelipa inamdhulumu mara mbili: inamchelewesha, na inawarundika wenzake nyuma yake. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo, mtu anayetumia kiti cha magurudumu na msafiri mwenye mizigo hawawezi kujipenyeza katika uwazi uliopimwa kwa kijana mmoja asiye na kitu mkononi. Kwa watu hao lango pana si hisani, ni haki yao.

Yako maswali ambayo kila uongozi wa stesheni unapaswa kuweza kuyajibu bila kusitasita. Umeme ukikatika, malango yanafunguka yenyewe au yanajifunga? Yuko mfanyakazi karibu mwenye uwezo wa kuyafungua yote mara moja, bila kungoja ruhusa ya mkubwa aliye ofisini? Ufunguo wa mlango wa dharura uko wapi, na nani anao saa hizi? Ni lini wafanyakazi walifanya zoezi la kuwatoa abiria? Uongozi usioweza kujibu maswali haya haujawa tayari kupokea umati, hata kama stesheni yake inang'aa kwa vioo na marumaru.

Huenda ikadaiwa kuwa malango yakifunguliwa hovyo wakwepaji nauli watapata mwanya. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Asiyelipa nauli anawabebesha wenzake mzigo wake, na anayeruka lango au kumpenyezea mkaguzi chochote anaihujumu huduma ya umma. Abiria wanao wajibu wa kulipa, kupanga mstari na kuacha kusukumana. Lakini nauli inaweza kukusanywa bila kuwafungia watu. Reli za chini ya ardhi za Berlin na Munich nchini Ujerumani hazina malango ya tiketi hata kidogo. Wakaguzi hupita ndani ya mabehewa, na asiye na tiketi hutozwa faini. Tena mapato ya dakika chache za hatari ni kitu kidogo mno kwa shirika linalofanya kazi mwaka mzima.

Wanaojenga stesheni mpya wana bahati ambayo waliojenga zamani hawakuwa nayo, kwa maana makosa ya wengine yamekwisha andikwa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Malango yafunguke yenyewe umeme unapokatika. Lango bovu liachwe wazi mpaka litakapotengenezwa. Milango ya dharura isifungwe kwa kufuli wakati abiria wako ndani. Walinzi wafundishwe kutuliza umati, wala wasipewe silaha ya kuutisha. Na mazoezi ya kuwatoa watu yafanywe pamoja na zimamoto, huku matokeo yake yakitangazwa kwa wananchi.

Hayo yote yanaweza kutekelezwa kwa gharama ndogo iwapo yataingizwa katika mipango tangu mwanzo. Yakingojwa mpaka baada ya msiba, gharama yake itakuwa imekwisha lipwa na watu waliokuwa na tiketi mkononi.